Salamu za Njoroge Ndani ya Roboti

Kuna watu mpaka leo nikikutana nao mjini Eldoret hawaniulizi habari ya watoto wala ya kazi, wananiuliza tu, "Na ile roboti?" halafu wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu nimechoka kuona haya. Kwa hivyo leo wacha niwasimulie mwenyewe, na mkicheka mcheke mkijua mambo yote, maana wengi wanaojua hadithi hii wanajua ile sehemu ya aibu peke yake, na hiyo ni kama nusu.

Nilikuwa msichana wa unesi, naelekea kumaliza masomo, katika hospitali moja ya misheni si mbali sana na Eldoret. Ilikuwa ile miaka ya chama kimoja, redio ya Kiswahili ni moja, na picha ya Rais iko ukutani hata kwa chumba cha kupimia watoto uzito. Mimi niliwekwa wodi ya watoto, na katika wodi ile kulikuwa na roboti.

Najua mnafikiri natia chumvi. Sitii. Ililetwa na Sista Hanna, mzungu aliyekuwa akiwanyoosha watoto viungo na kuwafundisha kutembea (siku hizi mnaita fizio, sisi tulisema tu mazoezi). Ilikuwa kichezeo cha watoto wa kwao huko Ulaya, kitu cheupe kinachofika karibu na kiuno changu, macho mekundu, magurudumu chini, na kifuani kuna kijidirisha cha kuingiza kaseti, kaseti ya kawaida kabisa kama zile tulizokuwa tukisikilizia kwaya. Unaiendesha kwa rimoti huku kaseti inarekodi, nayo inajiandikia mwendo wako kwa milio midogo midogo, kwi, kwi, kwii, kama kifaranga aliyepotea, kisha ukirudisha kaseti nyuma ukaicheza, roboti inaenda safari ile ile yote yenyewe, inasimama uliposimama na kukata kona ulipokata, bila mkono wa mtu. Kwa hivyo akili yote ya ile roboti ilikuwa kwa kaseti. Bila kaseti ni ndoo nyeupe yenye macho.

Na mwendo uliokuwa kwenye kaseti ulikuwa wa Muthoni. Muthoni alikuwa mtoto wa kama miaka sita, mama yake anafuga ng'ombe kule Kapseret, na polio ilikuwa imempitia miguuni. Alifungwa vyuma kutoka paja mpaka kwa kiatu, akapewa magongo, na akakataa. Alikataa kutembea kwa mama yake, kwa daktari, kwa peremende, kwa kugombezwa na kwa kubembelezwa, mpaka siku aliyoona ile roboti ikipita mbele ya kitanda chake akaomba avalishwe vyuma aone inaenda wapi. Sista Hanna akaelewa. Akakaa majuma akitengeneza njia moja tu, kutoka kitanda cha Muthoni, kwa korido, kona ya stoo ya shuka, kizingiti, mpaka veranda ya nyuma yenye jua, na kila mahali Muthoni alipozoea kuchoka, roboti pia ilisimama, kana kwamba nayo imechoka, ikamngoja. Mimi niliwaona wakienda hivyo asubuhi nyingi, na sikuchoka kutazama.

Halafu Sista Hanna akaitwa kwao, mama yake alikuwa mgonjwa sana. Alituachia roboti, akatuachia Muthoni, na akatuachia kaseti moja.

Sasa niwaambie juu ya Njoroge, kwa sababu bila yeye hakuna aibu. Baba yake alitoka Murang'a zamani akafungua duka la redio na tochi pale Eldoret, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kununua betri za roboti. Roboti ile ilikula betri kama ng'ombe anavyokula nyasi, na mimi sikulalamika. Njoroge alikuwa mtu mpole, anayejaribu kila betri kwa tochi kabla ya kukupa, na baada ya betri nyingi tukawa tunaongea mambo mengine. Kwetu hakuna aliyejua. Baba yangu, Mzee Kiptoo, mkulima wa mahindi kule Moiben na mzee wa kanisa, alikuwa na mawazo yake juu ya nani atanioa, na katika mawazo hayo hakukuwa na mtu wa kabila lingine kutoka Murang'a.

Siku moja Njoroge akaniambia, "Alhamisi mchana sikiliza salamu." Aliye mdogo hapa hajui salamu zilikuwa nini: unatuma kadi redioni, mtangazaji anaisoma, nchi nzima inasikia kwamba fulani anamsalimu fulani, halafu wanapigiwa wimbo. Nilimwuliza amesema nini kwenye kadi, akakataa kuniambia.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya kujitayarisha, maana Ijumaa tulikuwa tunapokea wageni. Bwana D.O., mkubwa wa serikali katika tarafa yetu, angekuja, viongozi wa chama wangekuja, na watu wa makanisa yaliyosaidia hospitali, na Matroni, mkuu wetu wa manesi, alitaka wamwone Muthoni akitembea nyuma ya roboti. Mimi nikapewa kazi ya kuing'arisha. Nikatoa kaseti kifuani isilowe, nikaiweka mezani kwa chumba cha manesi, juu ya kaseti nyingine za kwaya, nikasugua roboti mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Nilipomaliza saa ya salamu ilikuwa imefika, redio yetu ilikuwa ya kurekodi, na mimi niko zamu. Nikasema wacha nirekodi, nitasikiliza baadaye. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo hivyo.

Nikanyakua kaseti ya juu, utepe wake umesimama katikati. Haikuwa na karatasi ya jina (watoto walikuwa wamebandua), na vile vijimeno vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa, ile namna ya mtu kusema hii isirekodiwe tena. Mtu mwenye akili angejiuliza nani alivunja, na kwa nini. Mimi nilijiuliza pamba iko wapi. Nikachomeka pamba kwenye yale mashimo, nikafinya kitufe cha kurekodi, mtangazaji akaanza kusema habari za mchana wasikilizaji wangu popote mlipo, na papo hapo mtoto akatapika wodini na nikaitwa. Nikamsafisha mtoto, nikabadilisha shuka, nikaosha sakafu, nikarudi nikakuta redio imezimwa na kaseti haipo. Nikadhani mmoja wa wenzangu ameichukua. Nilimwuliza huyu na yule, nikinong'ona, hakuna aliyejua. Nikalala na huzuni kwamba sitajua kamwe Njoroge alisema nini.

Kumbe Matroni alipita. Yeye aliijua kaseti ya Sista Hanna kwa ufa wake pembeni, akaitoa redioni, akashangaa imefikaje huko, akaizungusha nyuma mpaka mwanzo, akaitia kifuani mwa roboti na kufunga kijidirisha.

Ijumaa wageni wakaketi kwenye korido pana ya mbele ya wodi, viti pande mbili, meza ya wakubwa kule mwisho na soda juu yake, na nani ameketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani? Baba yangu. Kanisa lao lilileta mahindi ya watoto, na yeye ndiye aliyetumwa kuwawakilisha. Nilifurahi kumwona. Nilisimama nimenyoosha mgongo ili aone binti yake amekuwa mtu.

Matroni akafinya swichi. Roboti ikaanza, kwi, kwi, kwii, ikatoka wodini taratibu, na nyuma yake Muthoni kwa gauni la manjano, vyuma vinalia, magongo mbele, mwili mbele, magongo mbele, mwili mbele. Roboti ikasimama, naye akasimama akapumua. Ikaondoka, akaondoka. Bwana D.O. akainuka akasema, "Wananchi, mnaona wenyewe. Hata mtoto huyu anafuata nyayo." Na watu wakapiga makofi vile makofi yalivyopigwa miaka hiyo, kwa nguvu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Ni katikati ya makofi hayo ndipo roboti ikasema, kwa sauti nene ya mwanamume, "Habari za mchana wasikilizaji wangu popote mlipo."

Nikajua kaseti yangu iko wapi.

Roboti ile haikujua tofauti ya mlio na maneno. Kila alichosema mtangazaji ilidhani ni amri, na mtangazaji yule alikuwa anaongea haraka. Ikageuka kulia, ikageuka tena, ikaanza kuzunguka kama mlevi sokoni, mashine ambayo dakika hiyo hiyo ilikuwa imeitwa nyayo, neno la Rais mwenyewe, mbele ya viongozi wa chama, na watu wote wakatazamana kwa sababu hakuna aliyejua kama kucheka ni ruhusa. Na Muthoni, mtoto wa watu, aliifuata. Alifundishwa kwamba inakoenda ndiko kuliko na njia, basi ilipozunguka akazunguka, ilipokata akakata, uso umekazana, na mtangazaji anaendelea kusoma salamu za watu wa Kitale. Mimi nilitaka kukimbia kumshika lakini miguu ilikataa, kama yake ilivyokuwa ikikataa zamani.

Halafu sauti ikasema, "Na sasa Njoroge wa pale mjini Eldoret anamsalimu Selina Jelagat, nesi wa watoto, anamwambia ajitayarishe, kwa sababu mwezi ujao anatuma wazee nyumbani kwa babake, Mzee Kiptoo wa Moiben, kuulizia mambo ya ndoa, na anaomba Mzee Kiptoo awapokee vizuri."

Ukafuata wimbo wa mapenzi. Roboti ilipenda ule wimbo. Ilienda moja kwa moja mbio mpaka meza ya wakubwa, ikagonga mguu wa meza, na soda zikaanguka moja baada ya nyingine juu ya suruali ya Bwana D.O. Nikapata miguu yangu hatimaye, nikairukia, nikaikumbatia kama mwizi, nikafungua mgongo wake na kung'oa betri, na kifuani kaseti ikakwama, utepe ukasokotwa ndani na kutoka nje kama matumbo ya kuku. Nyuma yangu nikasikia kishindo cha vyuma. Muthoni alikuwa ameanguka.

Nilimwacha D.O., nikaacha kila kitu, nikamwendea. Hakuumia mwili. Alinitazama tu, akasema pole pole, "Ilinidanganya." Akafunga macho.

Bwana D.O. alikuwa anapangusa suruali kwa kitambaa. Akauliza, "Mzee Kiptoo ni nani hapa?"

Baba akainua mkono polepole, kama mtoto wa shule asiye na jibu.

D.O. akamgeukia. "Pole, Mzee," akasema. "Ama nikwambie hongera?" Ndipo akacheka, na watu wote, waliokuwa wamejizuia mpaka wanaumwa mbavu, wakacheka pamoja naye. Mpaka leo namshukuru mtu yule. Angeweza kusema tumeitukana nyayo, na miaka ile watu walikamatwa kwa madogo kuliko hayo.

Wageni walipoondoka Matroni aliniita ofisini. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Muthoni amegeukia ukuta," akasema. "Amekataa vyuma, amekataa chakula. Sista Hanna hayuko, na hakuna kaseti nyingine. Akikaa hivyo miguu itakauka na kazi yote imepotea. Wewe utarudisha ile safari kama ilivyokuwa, Jelagat. Ukishindwa, sioni nitakuandikia vipi kwamba unafaa kuwa na watoto wa watu."

Nikatoka nje nikamkuta Baba ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Nikakaa mbali kidogo.

"Njoroge ni nani?" akauliza.

"Ni mtu wa duka, Baba. Mjini."

"Duka la nini?"

"La redio."

Akatikisa kichwa kana kwamba hilo angelijua mwenyewe. Mimi nilikuwa naona viatu vyangu tu. Kisha akasema, "Mwambie asitume mtu mwezi ujao."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Mwambie aje kesho, yeye mwenyewe. Aje atengeneze hii kitu ameharibu. Mimi nitalala kwa binamu yangu hapa, nimwone akitengeneza."

Njoroge alikuja Jumamosi asubuhi na redio kubwa ya kaseti mbili begani, bisibisi ndogo mfukoni, selotepu, na shati ambalo naona alilipiga pasi mara nyingi. Alimsalimu Baba kwa mikono miwili. Baba akaitikia, akavuta kiti karibu na meza ya chumba cha manesi, akakaa kama mtu anayesimamia mtihani. Njoroge akaangusha skrubu ya kaseti chini ya kabati, na aliyeipata ni Baba, akapiga magoti akaitoa na kumkabidhi.

Njoroge akatoa utepe taratibu, akaunyoosha kwa kuupitisha juu ya kikombe cha chai ya moto, kipande kwa kipande, palipokatika akaunga kwa selotepu nyembamba kama unywele. Kisha ikabidi kusikiliza, tujue milio imebaki wapi na maneno yameanzia wapi. Hapo ndipo nilitamani sakafu inimeze, maana ili kupata mpaka ni lazima urudishe nyuma na kwenda mbele, nyuma na mbele, na kila mara ni yule mtangazaji, Njoroge wa pale mjini Eldoret anamsalimu Selina Jelagat, mbele ya baba yangu, saa tatu asubuhi, hakuna hata mtoto wa kulia atuokoe. Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa mpaka pua inakaribia kugusa redio.

"Rudisha kidogo," Baba akasema.

Njoroge akarudisha.

"Hapo. Wacha isome." Ikasoma, Mzee Kiptoo wa Moiben. Baba akasikiliza kichwa kimeinama upande. "Sijawahi kusikia jina langu kwa redio," akasema. Na baadaye kidogo, "Na uliandika awapokee vizuri."

"Ndiyo, Mzee," Njoroge akasema. "Niliogopa usingewapokea."

"Ulijua aje?"

"Jelagat alinieleza vile ulivyo."

Baba akanitazama, nikatazama dirisha. Lakini niliona mdomo wake ukicheza, na nilijua Baba anapojizuia kucheka anafanana vipi.

Mwisho wa yote tulipata mwanzo wa safari, kutoka kitandani mpaka katikati ya korido, na tulipata mwisho, kipande kifupi cha veranda. Katikati hakukuwa na kitu. Kona ya stoo, kizingiti, mapumziko yote, vyote vilikuwa vimekaliwa na salamu. Njoroge akanakili vilivyobaki kwenye kaseti mpya, akasema waziwazi, "Hapa katikati siwezi kutoa kitu. Hakipo. Itabidi iendeshwe upya."

Basi tukaenda kwa korido, mimi nikashika rimoti, nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimeiona safari ile asubuhi nyingi lakini kuona si kujua. Nilikata kona mapema, roboti ikagonga ukuta. Nikachelewa, ikapita stoo. Kwa kizingiti ikakwama ikainua magurudumu ya mbele na kutetemeka. Njoroge akairudisha, tukaanza tena, tukagonga tena. Matroni alitoka ofisini akatutazama, akarudi ndani, na mlango wake ulifungwa kwa namna niliyoielewa.

Ndipo sauti ikatoka wodini, ya hasira, ya mtoto aliyegeukia ukuta na kutufuata kwa kusikia magurudumu tu. "Si hapo."

Tukasimama wote.

"Hapo inangojanga kwanza," Muthoni akasema. "Kwa ile doa."

Nikatafuta doa. Lilikuwepo, doa la chai sakafuni, la zamani, ambalo mimi nimepita juu yake kila siku na ndoo. Nikasimamisha roboti hapo. "Hapa?"

"Mbele kidogo. Halafu inangoja mpaka mkono iwache kuuma. Halafu inaenda."

"Mkono ya nani?" Njoroge akauliza.

"Yangu."

Nikaendesha, nikakosea. Akanirekebisha kutoka kitandani, nikakosea tena, na nikasikia akipumua kwa nguvu kama mwalimu aliyechoka na darasa zito. "Nileteeni vyuma," akasema.

Nilimvalisha nikiogopa hata kukaza mkanda kwa sauti. Akashika magongo, akatoka, akaipita roboti bila kuitazama, akasimama mbele yake. "Nyinyi mnifuate," akasema. "Na msinisukume."

Njoroge akafinya kitufe cha kurekodi. Muthoni akaenda, magongo mbele, mwili mbele, na mimi nikaiendesha roboti nyuma yake, polepole, macho yangu kwa visigino vya viatu vyake vizito. Kwenye doa akasimama akapumua, nikasimama. Akaondoka, nikaondoka. Kona ya stoo aliikata kwa mbali, akizunguka upana wa magongo, nikaelewa kwa nini nilikuwa nagonga. Kwa kizingiti akageuka ubavu, akavusha mguu mmoja, akavusha mwingine, akaita, "Sasa nayo, ubavu," na roboti ikavuka ubavu. Nilikuwa nalia na siwezi kujipangusa kwa sababu mikono iko kwa rimoti. Nyuma nilisikia mlango wa ofisi ukifunguka, na nyayo za Matroni zikasimama. Baba alikuwa amevua kofia, kama watu wanavyovua kanisani.

Muthoni akafika veranda, kwenye jua, akashika ukuta, akageuka na kuona kwamba roboti iko nyuma yake na sisi sote tuko nyuma ya roboti. Akatuangalia mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipojua ametembea bila kitu mbele yake. Aliomba uji.

Njoroge aliunga ile safari ikawa moja, kaseti mbili, moja ya kutumia na moja ya kufungiwa ofisini kwa Matroni, na zote mbili zikiwa na jina kubwa mbele na nyuma. Sista Hanna aliporudi baada ya kumzika mama yake, tulimwonyesha na tukamweleza kila kitu, hata salamu, na akasikiliza safari yote akasema hii ni nzuri kuliko ya kwake, kwa sababu yake ilikuwa inakisia. Watoto wengine walitembea nyuma ya kaseti hiyo mpaka roboti ikaoza magurudumu. Muthoni hakuihitaji tena. Siku mama yake alipokuja kumchukua kurudi Kapseret, Matroni alimwuliza kama anataka kuiaga. Akasema ana haraka, ng'ombe wanamngoja.

Matroni aliniandikia vizuri nikamaliza masomo. Wazee wa Njoroge walikwenda Moiben mwezi ule ule uliotajwa na mtangazaji, wakapokewa vizuri kama walivyoomba, ingawa Baba aliwakalisha kimya muda mrefu kabla ya chai, nafikiri makusudi tu. Nawashukuru wote hawa, na wengine wameshaondoka duniani bila mimi kuwaambia vya kutosha: Baba, aliyekuwa na kila sababu ya kunirudisha nyumbani siku ile akachagua kuvuta kiti na kutazama, Matroni, aliyefungua tena mlango wake, Njoroge, aliyekubali kusikilizishwa mapenzi yake mbele ya mkwe mara kumi na bado akaunga utepe mpaka mwisho.

Na kaseti sijagusa tena kuanzia siku hiyo bila kwanza kuisikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata wakati wa harusi yetu, watu wananingoja nje na gari linawaka. Lakini ahadi kubwa niliyojiwekea si hiyo. Nilifanya kazi na watoto wenye vyuma mpaka nikastaafu, na hakuna hata mmoja niliyemtangulia. Nilikuwa namvalisha, nakaza mikanda, namwuliza leo tunaenda wapi, halafu nasimama nyuma yake na kungoja mguu wa kwanza.